Kazi Mogadishu: mambo ya kupanga kabla ya kupanda ndege, na namna ya kuishi ukishafika

Mwongozo huu ni wa fundi wa jenereta, mpishi, karani wa stoo, fundi wa kompyuta, dereva au mfanya usafi kutoka Kenya, Uganda au Tanzania aliyepata kazi ndani ya Halane, ile kambi kubwa yenye uzio kando ya uwanja wa ndege wa Aden Adde, Mogadishu. Mwanajeshi ana jeshi lake la kumfundisha. Haya ni ya raia anayepelekwa vitani kwenda kupika wali.

Halane si ngeni kwetu. Wanajeshi wa Uganda walitua Mogadishu Machi 2007 chini ya bendera ya AMISOM, na tangu hapo kikosi cha Umoja wa Afrika kimebadilishwa jina mara mbili: ATMIS mwaka 2022, kisha AUSSOM mwaka 2025. UNSOS, ofisi ya Umoja wa Mataifa inayowapa chakula, mafuta na usafiri, ina kituo chake Mombasa na ofisi Nairobi. Ndiyo maana kantini utasikia Kiswahili cha Kisauni, cha Kampala na cha Eastleigh kwenye meza moja. Majina hubadilika na mikataba huhama kampuni, ila taa lazima ziwake na watu wale.

Hatua ya 1: Hakikisha kazi ipo kweli

Tapeli wa kazi za nje anajua kwamba mtu asiyeogopa Mogadishu mara nyingi ni mtu aliyebanwa na pesa. Ukiambiwa utume "ada ya usajili" au "pesa ya visa" kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, katisha mazungumzo hapohapo. Umoja wa Mataifa hautozi chochote katika hatua yoyote ya kuajiri. Wakala wa Kenya lazima awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Wa Uganda, na Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Tanzania, anza kuuliza TaESA, huduma ya ajira ya serikali. Jina la kampuni lisipoonekana huko, usijifariji kwamba "labda bado hawajaandika".

Hili si jambo dogo. Mwaka 2025 kulikuwa na Wakenya walioahidiwa kazi za kawaida Urusi wakajikuta wamevalishwa magwanda na kupelekwa mstari wa mbele Ukraine. Kwa hiyo barua ya kazi itaje cheo, kituo, jina la mwajiri anayelipa na jina la mteja anayemfanyia kazi. Ikisema tu "msaidizi wa shughuli, nje ya nchi", bado hujapata kazi.

Hatua ya 2: Soma ukurasa wa bima kabla ya ukurasa wa mshahara

Hapa kaa, soma polepole, na ikibidi mlipe wakili akusomee. Watu wengi husaini kwa furaha ya dola, halafu siku ya ajali ndipo wanapouliza nani atalipa hospitali.

Swali la kwanza: pesa ya mkataba huu inatoka wapi? Kama mwajiri wako ni mkandarasi wa serikali ya Marekani, hata akiwa mkandarasi wa chini aliyepewa kipande tu cha kazi, uliza kuhusu Defense Base Act. Ni sheria ya Marekani ya mwaka 1941 inayomlazimisha mkandarasi kumkatia bima mfanyakazi wa nje ya nchi, na haibagui uraia. Mganda na Mmarekani wote wamo. Ukiumia kazini ukashindwa kufanya kazi, unalipwa theluthi mbili ya wastani wa mshahara wako wa wiki pamoja na matibabu. Ukifa, mwenzi wako na watoto wana haki yao.

Haki hiyo ina saa inayohesabu. Mwajiri apewe taarifa ya jeraha kwa maandishi ndani ya siku 30 (fomu yake ni LS-201), na dai lenyewe lifunguliwe ndani ya mwaka 1 (LS-203). Kumwambia msimamizi kwa mdomo pale kantini hakutoshi. Maelfu ya Waganda walilinda kambi za Wamarekani nchini Iraq wakiwa chini ya sheria hii, na wapo waliorudi nyumbani na majeraha bila kujua kwamba kuna kitu wanadai. Piga picha ukurasa wenye jina la kampuni ya bima na namba ya hati ya bima, umtumie mtu wa nyumbani siku hiyohiyo.

Kama pesa inatoka kwingine, waombe wakuonyeshe bima ya ajali za kazini na utafute neno "vita". Bima nyingi za kawaida huondoa vita na ugaidi kwa mstari mmoja mdogo chini kabisa. Uliza pia: nikijeruhiwa vibaya, nani analipia ndege ya kunipeleka Nairobi, na ana mkataba na nani? Posho ya hatari inalipwa hata nikiwa likizo? Likizo ni baada ya wiki ngapi, na tiketi ni ya nani? Mwajiri mzuri hajibu maswali haya kwa hasira.

Pasipoti ni yako. Wanaweza kuichukua kwa ajili ya visa kisha wakurudishie. Kabatini kwa bosi haikai.

Hatua ya 3: Panga mambo ya nyumbani

Andika wosia. Muislamu aandike na madeni na amana za watu. Andaa hati ya kisheria ya kumruhusu mtu asaini kwa niaba yako, maana shamba na ada za shule havisubiri likizo yako. Ukiwa na mkopo wa benki au SACCO, uliza bima ya mkopo huo inasemaje kuhusu kifo cha vitani.

Kisha chagua mtu wa kupigiwa simu kukitokea jambo. Ukiandika jina la mama mwenye presha, umemwonea. Mtafute shemeji, kaka au rafiki mwenye moyo mgumu na simu isiyozimwa, halafu umwambie ukweli wote: unakaa wapi, unalipwa na nani, hati ziko wapi.

Hatua ya 4: Begi

Chache ila za maana: kadi ya chanjo ya homa ya manjano, dawa zako za miezi 3 pamoja na karatasi ya daktari, miwani ya akiba, tochi ya kuvaa kichwani, viatu vya kufunga na kandambili zenye mkanda wa nyuma. Kandambili za kawaida huchomoka mguuni ukikimbia. Acha nguo yoyote ya madoadoa ya kijeshi, hata kofia uliyonunua mtumbani. Mwanamke achukue mtandio na nguo pana ndefu za kuvaa nje ya kambi. Dera la Pwani linafaa kabisa. Pombe isiguse begi, kwani Somalia ni haramu kisheria. Dola ziwe mpya, zisizo na mchaniko wala mchoro wa kalamu, kwa sababu noti chakavu hazipokewi.

Na masala ya chai. Utanishukuru.

Hatua ya 5: Saa ya kwanza kambini

Ndege kutoka Nairobi huchukua kama saa moja na nusu. Utapewa maelezo ya usalama, kitambulisho, fulana ya kuzuia risasi na kofia yake, kisha kontena lenye kitanda, kabati na kiyoyozi. Kabla hujatandika kitanda, nenda ukalione handaki.

Wengi huwaza shimo la chini. Handaki la kambi kwa kawaida liko juu ya ardhi: kipande kinene cha zege mfano wa kalavati ya barabarani, kimepangiwa magunia ya mchanga, ndani kuna benchi, katoni ya maji na vumbi. Tembea kutoka kitandani hadi pale mchana. Usiku rudia bila tochi. Njiani utakutana na ngazi za chuma, pembe ya kontena la jirani, waya wa kuanikia nguo unaofika shingoni, na lile bomba la kiyoyozi linalopasua goti. Vijue vyote kwa miguu. Watu wengi huumizwa na kiza na haraka, wala bomu halijawafikia.

Viatu vikae sehemu moja kila usiku, mdomo ukielekea mlangoni. Begi dogo la dharura liwe chini ya kitanda: pasipoti, simu na chaja, dola kidogo, dawa, chupa ya maji, fulana ya mikono mirefu. Kitanda kikiwa dirishani, kisogeze. Mwenzako wa chumba akikucheka, mwache acheke.

Hatua ya 6: King'ora kikilia

Wapiganaji wa Al-Shabaab hurusha makombora ya mota kutoka mitaani kuelekea kambini. Si kila siku, na miezi hupita kimya, lakini hutokea: tarehe 1 Januari 2019 yaliangukia eneo la Umoja wa Mataifa yakajeruhi watu 3. Wakati mwingine king'ora hutangulia. Wakati mwingine mlipuko wa kwanza ndio king'ora.

Ukisikia, usikimbie kwanza. Lala kifudifudi papo hapo, miguu pamoja, mikono juu ya kisogo. Vipande vya chuma huruka juu na pembeni, kwa hiyo aliyelala ana nafasi kubwa kuliko anayekimbia wima. Kukitulia, inuka uende handaki lililo karibu, hata kama si la kwenu. Kaa humo hadi itangazwe kuwa ni shwari. Makombora huja kwa mafungu, na anayetoka kupiga picha moshi wa la kwanza anajiweka mbele ya la pili. Jina lako likiitwa kwenye redio ya upepo, itika. Usipoitika, kuna mtu atatumwa kukutafuta kwenye hatari.

Shambulio la ardhini lina amri nyingine kabisa. Tarehe 25 Desemba 2014 wapiganaji waliingia ndani ya Halane na kuua wanajeshi 3 na raia mmoja mfanyakazi wa mkandarasi. Katika hali hiyo handaki lililo wazi pande mbili si kimbilio. Unajifungia kwenye chumba imara, unazima taa, simu unaiondolea sauti na mtetemo, unakaa mbali na mlango. Kwa hiyo uliza siku ya kwanza: king'ora cha makombora kinaliaje, na cha watu kuingia kinaliaje? Usiridhike na jibu la "utajua tu".

Hudhuria pia mafunzo ya huduma ya kwanza, hata ukiambiwa si lazima kwa wapishi. Jifunze ule mkanda wa kukaza wenye kijiti cha kuzungushia, unaozuia damu kwenye mkono au mguu. Unafungwa juu ya jeraha, upande wa kuelekea moyoni, vidole vitatu au vinne kutoka lilipo. Kamwe usiufunge kwenye kiungo chenyewe cha goti wala cha kiwiko. Zungusha kijiti mpaka damu ikome, si mpaka mgonjwa alalamike, kwani atalalamika mapema. Andika saa uliyofunga, kwenye mkanda au kwenye paji la uso wake. Baada ya hapo usiulegeze. Hiyo ni kazi ya daktari. Fanya zoezi hilo gizani kwa mkono mmoja hadi likuchoshe.

Hatua ya 7: Kazi yenyewe

Ajabu ya mahali hapa ni kwamba sehemu kubwa ya siku ni kazi ileile uliyoiacha nyumbani. Mpishi anahangaika na nyanya zilizochelewa, karani na makaratasi ya forodha, fundi wa kompyuta na mtu aliyesahau neno la siri.

Nizungumzie ninayoyajua, majenereta. Kila kitu kambini kinayategemea: maji, friji za nyama, redio, vyumba vya upasuaji. Adui mkubwa ni bahari. Kambi iko ufukweni, upepo wa kusi unaleta chumvi na mchanga kwa pamoja, rejeta zinaliwa, vituo vya waya vinaota ukungu wa kijani. Asubuhi, kabla jua halijachachamaa, kagua oili, maji ya rejeta, mkanda wa feni na uvujaji wa dizeli chini ya pampu. Kichujio cha hewa kitoe na ukipulize kutoka ndani kwenda nje. Ukipuliza kutoka nje unaushindilia mchanga ndani ya karatasi. Usiliache jenereta kubwa libebe mzigo mdogo usiku kucha: chini ya theluthi ya uwezo wake dizeli haiungui vizuri, na baada ya muda utaona ute mweusi unachuruzika kwenye bomba la moshi. Badilishana na lile dogo. Vaa vizibo vya masikio kila siku, kila mara. Nitalirudia hili mwishoni kwa sababu lina pesa ndani yake.

Kunywa maji kabla ya kiu. Ijumaa ndiyo siku ya mapumziko ya mji, kwa hiyo oda ya vipuri ya Alhamisi jioni ihesabu imelala.

Hatua ya 8: Wenzako Wasomali

Wewe unalala ndani ya uzio. Mwenzako wa hapa, anayefagia ofisi au anayekusaidia kubeba pipa la oili, jioni anatoka langoni anapanda bajaji kwenda kwake, na huko nje kujulikana kwamba anafanya kazi Halane kunaweza kumgharimu maisha. Wengi huficha kitambulisho kabla ya kufika langoni. Kwa hiyo usimpige picha, usimtaje kwa jina kwenye mitandao, usimpigie simu usiku kwa Kiingereza, usimpe fulana yenye nembo ya kampuni akaivae mtaani. Mlipuko wa makutano ya Zoobe wa tarehe 14 Oktoba 2017 uliua watu zaidi ya 500, na karibu wote walikuwa wenyeji waliokuwa kwenye foleni ya magari au madukani. Ukijikuta unalalamika juu ya chakula cha kantini mbele yake, kumbuka hilo.

Wengi wao wamekulia Eastleigh au Dadaab na Kiswahili chao ni kizuri, wakati mwingine cha mtaani kuliko chako. Wa kutoka Barawa ana Chimwini chake, wa visiwa vya Kismayu ana Kibajuni, na mtu wa Lamu atamwelewa Mbajuni bila mkalimani. Hata hivyo jifunze "subax wanaagsan" ya asubuhi na "mahadsanid" ya kushukuru. Mwanamume asimnyooshee mkono mwanamke mpaka yeye aanze. Ramadhani usile wala kunywa mbele ya waliofunga, hata kama wewe ni Mkristo na jua linawaka. Ukialikwa tambi au wali, ndizi mbivu ikaletwa pembeni, inaliwa pamoja na chakula, si baadaye.

Mkenya ajue pia kwamba jeshi la Kenya liliingia Somalia Oktoba 2011, na si kila mtu atakayekutana naye ana maoni mazuri juu ya hilo. Usibishane siasa za mpaka wala za ukoo. Sema wewe ni fundi.

Na kutoka nje? Bila ruhusa, gari la kivita na walinzi, hapana. Watakuja marafiki wakuambie Lido kuna samaki wazuri. Kweli wapo. Tarehe 2 Agosti 2024 washambuliaji waliingia ufukweni hapo jioni, watu wamejaa, wakaua watu 37.

Hatua ya 9: Simu na pesa

Usirushe picha wala video ya mahali kombora lilipoangukia. Aliyelirusha hakioni alichopiga. Wewe ndiye utakayemwonyesha kama alizidisha au alipunguza masafa. Zima huduma ya mahali kwenye simu. Na nyumbani wekeni utaratibu: kukitokea kishindo unatuma neno moja, "Mzima", kwa yule mtu uliyemchagua katika hatua ya 3, naye anawaambia wengine. Mtandao ukizimika, wajue mapema kwamba kimya cha saa kadhaa ni cha kawaida.

Mjini dola ndiyo pesa, na hulipwa zaidi kwa simu kupitia EVC Plus ya Hormuud, hata kwa chupa ya maji. Mshahara uingie benki ya nyumbani moja kwa moja. Hapa baki na kidogo tu. Kinachokula pesa za watu kambini ni kubeti usiku na "nikopeshe mpaka likizo". Kazi ya wiki nyingi bila kutoka uzioni hufanya usiku uwe mrefu. Tafuta kitu chenye ratiba: mpira, mazoezi, swala ya jamaa, kwaya, kozi ya mtandaoni yenye cheti. Ukiona hulali, unashtuka mlango ukibamizwa, au umeanza kugombana na kila mtu, omba kuonana na mshauri kabla ya likizo na uhakikishe imeandikwa. Madhara ya akili yanayotokana na kazi nayo yanadaiwa chini ya ile sheria ya 1941.

Hatua ya 10: Kuondoka

Usitoke na begi tu. Chukua barua ya utumishi yenye tarehe za kuanza na kumaliza, hati zote za mshahara, nakala ya mkataba na kila marekebisho yake, na nakala ya kila taarifa ya jeraha uliyowahi kuandika. Kampuni hizi hufunga ofisi mkataba ukiisha, na ukirudi baada ya mwaka kuomba karatasi huenda usikute hata mlinzi wa kumuuliza.

Fanya kipimo cha masikio kabla ya kwenda na kingine mara ukirudi, hospitali moja ikiwezekana, na uweke karatasi zote mbili. Fundi wa jenereta aliyerudi na mlio usioisha sikioni ana jeraha la kazi kama aliyepigwa na kipande cha chuma. Daktari akikwambia usikivu umepungua kwa sababu ya kelele za kazini, mwandikie mwajiri siku hiyo, weka tarehe, na ubaki na nakala.